Njano Imekwenda Wapi?

Kila mara chombo kipya kinapoingia katika mazingira ya shule zetu, mwalimu hukabiliwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kukidharau, akisema kwamba hicho ni chombo cha watu wa mjini na wala hakimo katika muhtasari wa somo. Cha pili ni kukistaajabia, akawaonyesha wanafunzi vitufe vyake kana kwamba anayejua kubonyeza amekwisha kuelewa. Vishawishi vyote viwili vina mwisho mmoja: mtoto huondoka bila kujua sababu ya jambo aliloliona. Katika makala haya nakusudia kueleza njia ya tatu, ambayo ni kukiuliza chombo maswali na kuyajibu kwa vitu ambavyo kila shule ya msingi inavyo. Chombo chenyewe ni mashine ya kuchapa ya leza inayotumia tona nyeupe, na kazi yake iliyotuhusu ni kuchapa picha juu ya vikombe vya rangi.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa Darasa la Nne ana haja gani na mashine ya namna hiyo. Namwomba avumilie kidogo, kwani jibu la swali lake limo ndani ya habari yenyewe.

Tangu Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule na vyuo vyetu vimezoea kuwa na miradi. Wengine hulima bustani, wengine hufuga kuku, wengine hushona sare. Mwaka 2023 wanachuo 48 wa darasa langu waliamua kuuza vikombe vya kauri vyenye nembo ya chuo siku ya mahafali. Faida ilikusudiwa kununua manila, kalamu za rangi, gundi na mikasi, ili kila mmoja wao aende kwenye Mazoezi ya Kufundisha akiwa na vifaa vya kutengenezea zana zake. Walichangishana fedha wenyewe. Wengi wao ni watoto wa wakulima, na mchango ule ulitoka katika fedha za sabuni na nauli. Vikombe walivyovipata kwa bei ya jumla vilikuwa vya buluu iliyokoza, rangi ile ile ya sare ya chuo, nao wakaona hiyo ni bahati njema.

Nembo yetu ina uwanja wa buluu. Katikati pana kitabu cheupe kilichofunguliwa. Nyuma yake jua la njano linachomoza, na pembeni pamezungushwa majani ya mahindi ya kijani. Wanachuo walipeleka kikombe kimoja cha majaribio kwa mchapaji mmoja wa mjini, aliyezoea kuchapa vikombe vyeupe. Alichapa nembo kwa mashine ya kawaida ya leza ya rangi juu ya karatasi ya kuhamishia picha, akaigandamiza juu ya kikombe kwa joto. Kikombe kiliporudi, nembo haikuonekana. Mahali pa jua palikuwa na doa jeusi-jeusi, majani yalifanana na kivuli, na kitabu hakikuwapo kabisa. Hata hivyo, tulipokiinamisha kikombe penye mwanga wa dirisha, tuliona ukingo wa nembo nzima ukimetameta juu ya kauri. Picha ilikuwapo, isipokuwa haikuonekana.

Vikombe vyote vilikuwa vimekwisha kulipiwa, na muuzaji hapokei bidhaa zilizotoka dukani kwake. Darasa lilikaa kimya. Ndipo mwanachuo mmoja, ambaye si kawaida yake kusema mbele ya wenzake, alipokishika kikombe, akakigeuzageuza, akauliza: “Mkufunzi, njano imekwenda wapi?”

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema labda imenywewa pamoja na chai. Nilipowaomba waliocheka walijibu swali hilo, hakuna aliyeweza. Basi nikaliandika ubaoni kama lilivyoulizwa, nikawataka wote waliandike katika madaftari yao, na nikasema hatutaendelea na jambo jingine la mradi mpaka tumelijibu.

Jibu lake ni hili. Rangi zinazotumika katika uchapaji wa kawaida ni nne: sayani, ambayo ni buluu inayoelekea kijani, majenta, ambayo ni wekundu unaoelekea zambarau, njano, na nyeusi. Zile tatu za kwanza ni rangi angavu, yaani zinazopitisha nuru, mithili ya kioo cha rangi. Njano inapokuwa juu ya karatasi nyeupe, nuru hupenya tabaka la njano, hugonga karatasi, kisha hurudi ikipenya tena tabaka lile lile mpaka machoni petu. Katika safari hiyo njano huifyonza sehemu ya buluu ya nuru na kuziacha sehemu nyekundu na kijani zipite; nazo zikichanganyika, jicho huona njano. Kwa hiyo wino si mfanyakazi wa pekee. Karatasi nyeupe, ambayo hakuna anayeisifu, ndiyo inayoirudisha nuru.

Sasa chukua njano hiyo hiyo uiweke juu ya kauri ya buluu. Kauri hiyo hufyonza nyekundu na sehemu kubwa ya kijani, ikarudisha buluu. Nayo buluu ndiyo hasa inayofyonzwa na njano. Kinachorudishwa na kikombe hunaswa na wino. Kile ambacho wino ungekiruhusu kupita, kikombe hakikirudishi. Matokeo yake ni giza. Njano haikwenda popote: ilikuwa pale pale, ila haikuwa na nuru ya kuipitisha. Ama kuhusu kitabu, habari yake ni nyepesi zaidi. Mashine ya kawaida haina wino mweupe. Penye weupe huacha mahali patupu, ikitegemea weupe wa karatasi. Juu ya kikombe cha buluu, mahali patupu ni buluu.

Mwanachuo mwingine alileta pingamizi nililolifurahia: “Mbona chaki ya njano inaonekana ubaoni, na ubao ni mweusi?” Hili ni swali la mwalimu hasa. Chaki si rangi angavu. Ni chembechembe nyingi za unga mweupe zilizotiwa rangi, na kila chembe huitawanya nuru na kuirudisha yenyewe bila kuutegemea ubao. Kwa maneno mengine, chaki ya njano huja na weupe wake ndani yake. Tona ya njano haina weupe huo, hivyo lazima upewe.

Hapo ndipo ilipo kazi ya tona nyeupe. Tona yoyote ni unga laini mno wa plastiki uliochanganywa na rangi. Katika tona nyeupe rangi hiyo kwa kawaida ni titani dioksidi, unga ule ule unaozipa rangi nyeupe za ukutani uwezo wa kufunika. Chembe zake huipinda nuru kwa nguvu kuliko plastiki inayozizunguka, hivyo nuru ikiingia hugongwa huku na huku mpaka ikarudi ilikotoka. Tabaka la tona nyeupe likiwekwa kati ya kikombe na rangi nyingine, hufanya kazi ya ile karatasi. Katika baadhi ya mashine, kama ile iitwayo OKI Pro8432WT, tona nyeupe imekaa mahali pa nyeusi, na weusi hupatikana kwa kupandanisha sayani, majenta na njano. Nyingine, kama OKI Pro9541WT, zina tona tano, nyeupe ikiwa ya tano.

Wanachuo walitaka kujua pia unga unashikaje mahali unapotakiwa. Niliwaeleza habari ya Chester Carlson, ambaye tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba kidogo huko Astoria, New York, akisaidiwa na Otto Kornei, alisugua kwa kitambaa bamba la zinki lililopakwa salfa ili lipate chaji za umeme. Waliweka juu yake kipande cha kioo chenye maandishi, wakakimulika kwa taa. Mahali palipopata mwanga paliipoteza chaji. Mahali pa maandishi paliibaki nayo. Waliponyunyiza unga na kuupuliza, unga ulibaki juu ya maandishi tu, nao wakauhamishia kwenye karatasi yenye nta kwa joto. Yalikuwa ni maandishi ya tarehe na mahali pao. Baadaye Gary Starkweather, mtumishi wa kampuni ya Xerox, aliweka mwale wa leza mahali pa taa, na mwaka 1977 kampuni hiyo ikatoa mashine ya leza iitwayo Xerox 9700. Mashine za leo hufuata kanuni hiyo hiyo: silinda hupewa chaji, leza huchora picha juu yake, unga huvutwa penye picha, huhamia kwenye karatasi, kisha huyeyushwa kwa joto ukaganda. Mwalimu aangalie vizuri: kitambaa, unga, kioo, taa na joto. Mwanzo wa mashine hii ya fedha nyingi ni vitu ambavyo vingeenea juu ya dawati moja.

Palibaki jambo la mpangilio. Kikombe hakiingii ndani ya mashine ya leza. Picha huchapwa kwanza juu ya karatasi maalumu, kisha karatasi hugeuzwa kifudifudi juu ya kikombe na kukandamizwa kwa joto mpaka tona ihame. Kwa kuwa karatasi inageuzwa, mambo mawili hugeuka pamoja nayo. Maandishi hugeuka kushoto na kulia, hivyo hapana budi yachapwe kinyume, kama yanavyoonekana katika kioo cha kujitazamia. Matabaka nayo hugeuka juu na chini: lililowekwa mwisho kwenye karatasi ndilo litakalogusa kikombe. Kwa hiyo juu ya karatasi rangi hutangulia, na nyeupe hufuata ikizifunika. Niliwaonyesha kwa sahani tatu za bwaloni, moja ya njano, moja ya kijani na moja nyeupe. Nilizipanga nyeupe ikiwa juu kabisa, nikalishika rundo lote na kulipindua. Nyeupe ikawa chini. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Tulimpata mchapaji mwingine, katika jiji la Dar es Salaam, mwenye mashine ya tona nyeupe. Kabla ya kuchapa, wanachuo wenyewe, kwa kuwa sasa walielewa sababu, walitoa pendekezo ambalo sikuwa nimewadokezea. Walisema uwanja wa buluu wa nembo usichapwe, kwa kuwa kikombe chenyewe ni cha buluu. Zichapwe sehemu za jua, kitabu na majani tu, na kikombe kitoe buluu yake. Mchapaji alikubali mara moja, akasema ndivyo wafanyavyo mafundi, maana tona hupungua na picha hukaa vizuri zaidi. Baada ya kukandamizwa na karatasi kubanduliwa, vikombe viliokwa tena katika oveni, kama maelekezo ya karatasi ile yalivyotaka, ili tona ishike barabara. Mchapaji alitushauri viwe vikioshwa kwa mkono na kitambaa laini, bila kusuguliwa kwa nyavu za chuma, na picha ikae mbali na ukingo unaoguswa na mdomo. Siku ya mahafali vikombe viliuzwa vyote, isipokuwa kile cha kwanza. Hicho nilikiomba kibaki darasani kama zana.

Sasa nakuja kwa wewe, mwalimu mtarajiwa. Shule utakayopangiwa huenda haina umeme, seuze mashine ya leza. Somo hili lakini unaweza kulifundisha pale, na andalio lake si gumu. Nalieleza kama tulivyolijaribu.

Kwanza, tafuta karatasi laini ya plastiki ya njano inayopitisha nuru, ile inayofungiwa pipi au zawadi. Iweke juu ya karatasi nyeupe, wanafunzi waitazame. Kabla ya kuiweka juu ya karatasi nyeusi au ya buluu iliyokoza, waulize wataona nini, na kila mmoja aandike anachotazamia. Hatua hii isirukwe. Mtoto aliyekwisha kutabiri hutazama matokeo kwa macho ya mwenye mali. Asiyetabiri hutazama kama mpita njia.

Pili, iweke karatasi ya njano juu ya nyeusi. Njano itapotea. Waache wajadiliane katika vikundi imekwenda wapi, wala usiwahi kuwajibu. Kisha ingiza polepole ukanda wa karatasi nyeupe kati ya njano na nyeusi. Njano itarudi pale tu ulipo ukanda, na mara nyingi darasa litapiga kelele. Usiwazuie.

Tatu, wape kazi ya mikono. Chemsha maji kidogo, utie manjano ya kupikia, uyachuje kwa kitambaa ili yabaki maji ya rangi bila unga. Wapake kwa usufi juu ya karatasi nyeusi, na juu ya karatasi nyeusi nyingine iliyokwisha kupakwa chaki iliyosagwa na kulowanishwa, ikakauka. Walinganishe. Angalia usitumie chokaa ya kupakia nyumba wala majivu, kwani manjano ikikutana na vitu hivyo hugeuka kuwa nyekundu. Hilo nalo ni somo zuri, lakini ni la siku nyingine, na masomo mawili katika kipindi kimoja huuana.

Nne, kwa madarasa ya juu, waonyeshe unga unavyovutwa. Sugua kalamu ya plastiki kwa nywele kavu au sweta, uisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka na kuishika. Fanya zoezi hili siku kavu, kwani wakati wa masika unyevu wa hewa huondoa chaji upesi.

Tano, ndipo useme: iko mashine inayofanya haya yote kwa pamoja. Ukiwa na kikombe kilichochapwa, kionyeshe. Ukiwa na picha yake, ionyeshe. Usipokuwa na chochote, sema tu. Mashine ije mwisho kama jibu, isije mwanzo kama miujiza.

Nilipozungukia shule wakati wa Mazoezi ya Kufundisha, nilimkuta yule mwanachuo aliyeuliza swali akiwa mbele ya darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Alikuwa na karatasi mbili za pipi na kipande cha manila nyeusi alichokinunua kwa faida ya vikombe. Mtoto mmoja nyuma alinyoosha mkono akauliza: kama njano hupotea juu ya nyeusi, je, usiku rangi za maua huenda wapi? Wenzake wakaanza kucheka. Mwalimu wao aliinua mkono kuwanyamazisha, akaligeukia ubao, akaliandika swali lile kama lilivyoulizwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na fomu ya tathmini, na katika sehemu ya maoni sikuandika mengi.

Baada ya kipindi, mwalimu mwenyeji wa darasa lile aliniuliza kwa heshima kama habari za vikombe na mashine zimo katika muhtasari. Nilimjibu kwamba nuru imo, rangi zimo, umeme umo, na stadi za kazi zimo. Kikombe kimekuja kuwakutanisha hao wanne, ambao sisi tumezoea kuwafundisha kama watu wasiojuana. Aliitaka ile karatasi ya pipi, nami nikamwachia.

Yafaa niongeze onyo moja. Mtu asichukue mfano huu akasema kwamba mtoto ni kikombe kitupu, na mwalimu ni mashine ya kumchapa. Mtoto hajatiwa tanurini, wala hangoji kugandamizwa. Ninachokiokota katika kazi ya mafundi wale ni mambo mawili tu. La kwanza, jambo linaweza kuwapo ubaoni, kamili na sahihi, na bado lisionekane na wanafunzi kwa sababu hakikuwekwa kati yao na jambo hilo kitu cha kurudisha nuru: mfano wanaoujua, neno la nyumbani kwao, jaribio dogo la mikono yao. Mwalimu anayeona hivyo asiongeze wino, atafute msingi. La pili, penye buluu usichape buluu. Mtoto wa mkulima anajua udongo, wa mvuvi anajua bahari, wa fundi anajua rangi. Mwalimu anayechapa upya yale ambayo darasa limekuja nayo hupoteza muda wa kipindi na kuwachosha watoto.

Nanyi mtakapokuwa mnaandika maandalio yenu, chini ya sehemu ya zana, msiogope kuandika karatasi ya pipi, sahani tatu na chaki iliyosagwa. Na katika sehemu ya hatua za somo, acheni nafasi ya swali ambalo hamkulitazamia. Likija, hata likichekwa, liandikeni ubaoni.